Mpenzi Mnyonya Damu: Jinsi ya Kumtambua Aliyeandikwa Vizuri

Msomaji wa Kiptere, huko Kericho, anayefungua riwaya ya mapenzi yenye shujaa mnyonya damu ana faida moja juu ya msomaji wa London: damu yenyewe haimtishi. Wakipsigis, sawa na jirani zao Wanandi, waliinywa tangu kale. Ng'ombe alifungwa kamba ya ngozi shingoni mpaka mshipa ukavimba, ukadungwa kwa mshale uliowekewa kizuizi usizame mno, damu ikakingwa, kamba ikalegezwa, jeraha likazibwa, na mnyama akarudi malishoni. Damu ilichanganywa na maziwa ikanywewa mchana kweupe. Hakuna aliyemwogopa jirani yake kwa sababu ya kinywaji hicho. Mambo ya kuuliza yalikuwa mengine: ng'ombe huyu ni wa nani, ametolewa kiasi gani, na je, atapona?

Nayaweka maswali hayo mbele kwa sababu sijaona kipimo kinachoyashinda. Riwaya na tamthilia za aina hii zimejaa wanaume warembo wanaoteswa na kiu yao, na msomaji hufundishwa kuyachukua mateso hayo kuwa ndiyo utata wa kimaadili. Huzuni peke yake haimfanyi mtu kuwa mgumu kuhukumiwa. Wauaji wengi huwa na huzuni. Utata huanza pale ambapo aliyenyonywa naye ana jina, ana watu wake, ana neno la kusema, na msomaji akishayajua yote hayo bado anashindwa kuacha kumpenda aliyemnyonya. Mwandishi anayeweza kuvishika vyote viwili pamoja ni fundi. Anayekificha kimoja ili kingine king'ae bado anajifunza kazi, hata kama vitabu vyake vimejaa katika maduka yote.

Kwa hiyo usianze kuhukumu kwenye ukurasa wa kwanza. Karani mzoefu wa kituo cha kununulia majani chai haridhiki na yale majani mawili na chipukizi yaliyokaa juu ya kikapu. Hutia mkono hadi chini, maana huko ndiko majani magumu na vijiti hufichwa. Kurasa za mwanzo za riwaya hizi karibu zote zinapendeza: mvua, ngozi baridi, mgeni asiyekula mbele ya watu. Wewe mtafute mtu wa kwanza aliyekufa. Angalia amepewa sentensi ngapi. Kama yeye ni "mlevi mmoja" au "msichana wa barabarani" na hatajwi tena, umeshajua mwandishi anawagawa vipi binadamu wake: wapo wa kupendwa na wapo wa kuliwa. Kosa la namna hiyo halirekebishwi na sura mia moja za majuto.

Inafaa kujua shujaa huyu alikotoka. John Polidori, daktari wa Lord Byron, alimtoa mnyonya damu muungwana wa kwanza katika nathari ya Kiingereza mwaka 1819, Lord Ruthven, mtu wa karamu na wanawake asiye na chembe ya majuto. Dracula wa Bram Stoker alifuata mwaka 1897, naye hakuomba kueleweka na yeyote. Katika vitabu hivyo viwili maadili ni mepesi: huyu ni adui, mwueni. Kugeuka kwake kuwa mpenzi ni jambo la juzi. Mwaka 1976 Anne Rice alichapisha Interview with the Vampire, akampa mnyonya damu nafasi ya kujisimulia mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mwandishi wa fani hii anafanya kazi kwenye kivuli cha Louis, yule muungwana wa Louisiana anayelia kila anapoua.

Louis huyo anastahili kusomwa kwa makini na mtu wa nchi ya chai kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni mwenye shamba kubwa. Tunapokutana naye mwaka 1791 anamiliki mashamba karibu na New Orleans, na wanaoyalima ni watumwa. Anaomboleza ndugu yake aliyekufa, anabishana na Mungu, anakataa damu ya watu kwa muda na kunywa ya wanyama. Yote hayo Rice anayaandika kwa lugha nzito, ya kuvutia kweli. Lakini watumwa waliomlimia, na ambao Lestat mwenzake anawanyonya usiku, wanapita kwenye kitabu kama giza la nyuma ya taa. Louis alikuwa akiishi kwa damu ya watu kabla hajaumwa shingoni. Rice hakukipa kidonda hicho uzito uliokistahili, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa la kitabu chenye sifa nyingine nyingi. Inaelekea waliokigeuza kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 2022 waliliona pengo hilo, kwani walimfanya Louis kuwa Mmarekani mweusi wa miaka ya 1910 anayepata pesa zake kwenye madanguro ya New Orleans. Ghafla swali la nani anamla nani likapata meno. Yeye mwenyewe ananyanyaswa na wenye nguvu, naye anakula jasho la wanawake wasio na nguvu. Huo ndio utata.

Hata hivyo Rice ana ukurasa mmoja wa ufundi ambao sijaona aliyeushinda, nao ni Claudia. Ni mtoto wa miaka mitano aliyegeuzwa mnyonya damu ili Louis asimwache Lestat. Miaka inapita, akili yake inakuwa ya mwanamke mzima, mwili unabaki vilevile, na anakuja kuelewa kwamba wale wanaomwita binti na kumpenda ndio waliomnyang'anya maisha. Rice alikuwa amempoteza binti yake wa miaka mitano kwa saratani ya damu mwaka 1972, na uchungu huo umo katika kila neno la Claudia. Tazama kazi inayofanyika hapo. Aliyedhulumiwa hakufa akasahaulika. Anakaa nyumba moja na waliomdhulumu, anakua, anauliza, anachukia, anapenda. Majuto ya Louis yanapata mtu wa kuyajibu usoni. Ukikutana na riwaya ya mnyonya damu isiyo na mtu wa namna hiyo, mtu ambaye shujaa hawezi kumkwepa wala kumlipa, ujue shujaa huyo anajililia mwenyewe tu.

Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, ndiyo iliyomleta mnyonya damu mikononi mwa wasichana wa shule duniani kote, pamoja na wa kwetu. Sitaidharau. Meyer anaijua njaa ya mapenzi ya kwanza, na watu wengi walijifunza kupenda kusoma kupitia kwake. Lakini ipime. Edward, shujaa mnyonya damu wa kitabu hicho, aliyegeuzwa wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, anasifiwa kwa sababu familia yake hunywa damu ya wanyama pekee, na kitabu kinalichukulia jambo hilo kama dhabihu kubwa. Msomaji ambaye babu yake alikunywa damu ya ng'ombe akaishi vizuri atashangaa dhabihu iko wapi. Utata wa kweli wa Edward umo katika aya chache ambamo anakiri kwamba zamani alimwasi mlezi wake, akawawinda wauaji na wabaya, akijiona ana haki kwa kuwa aliweza kusikia mawazo yao. Mtu anayejifanya hakimu na mnyongaji, halafu siku moja anamwona shetani machoni pake mwenyewe: hiyo ilikuwa riwaya nzima. Meyer aliipitia mbio ili arudi kwenye msitu na macho ya dhahabu.

Jambo la pili la kupima kwa Edward ni mlango wa chumba. Anaingia usiku chumbani mwa Bella, msichana anayempenda, na kumtazama akilala, kabla msichana hajajua wala kukubali, na kitabu kinatutaka tuone hapo upendo. Katika fani hii ridhaa ndiyo moyo wa mambo, kwa sababu mpenzi mmoja ana nguvu za kumuua mwingine kwa kidole, na ana umri wa babu wa babu yake. Anayesoma Kericho au Bomet hahitaji kuelezwa kwa mifano ya mbali. Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza filamu ya uchunguzi ambamo wanawake wa mashamba ya chai walieleza jinsi wakubwa wa kazi walivyowataka kimapenzi ili wapewe au wabakishiwe kazi. Baada ya kuyasikia hayo, msomaji hawezi tena kukubali kwamba mwanamke ameridhia kwa sababu tu hakupiga kelele. Mwandishi mzuri hukuonyesha ni kitu gani mwanamke angepoteza kama angekataa. Kama hangepoteza chochote, ridhaa yake ina uzito. Kama angepoteza kazi, au nyumba, au uhai, basi neno lake la kukubali linapaswa kumtia shujaa wasiwasi, na wasiwasi huo uonekane katika anachofanya baadaye.

Octavia Butler alilishika jambo hili bila woga katika Fledgling, riwaya yake ya mwisho, iliyotoka pia mwaka 2005. Wanyonya damu wake wanaishi na binadamu katika familia zenye ushirika, wanapeana joto, ulinzi na umri mrefu. Lakini mate yao yana kitu kinachomfunga binadamu: akishaumwa mara kadhaa hawezi kuondoka, na anayemtegemea akifa, huenda naye akafa. Shori, shujaa wa kike, ni mpole, anapendeza, anawajali watu wake kwa dhati. Nao wanampenda. Ila wengine walianza kumpenda kabla hawajaambiwa kwamba mlango ulishafungwa nyuma yao. Butler hamtetei wala hamlaani. Anakuachia swali la iwapo mapenzi yanayoanza kwa kufungwa yanaweza kuwa mapenzi, na kadiri familia hiyo inavyozidi kukuvutia ndivyo swali linavyozidi kukuuma. Ni kitabu kinachosumbua, kiasi kwamba wengine hawawezi kukimaliza, na ninawaelewa.

Aliye karibu zaidi na mila ya mshale na kamba ya ngozi ni Jewelle Gomez. Shujaa wa The Gilda Stories, ya mwaka 1991, ni msichana aliyetoroka utumwa, ambaye tunakutana naye Louisiana mwaka 1850. Akishakuwa mnyonya damu anafunzwa sheria moja: usichukue bila kuacha. Anapokunywa huingia katika mawazo ya aliyelala, akatafuta anachokihitaji, tumaini au ujasiri au ndoto, akamwachia, kisha akafunga jeraha. Aliyetolewa damu anaamka akiwa hai, na ana kitu ambacho jana hakuwa nacho. Gomez anajua kwamba hata mapatano haya hayajakamilika, kwa kuwa aliyelala hakuulizwa, na Gilda anaubeba ujuzi huo karne mbili. Wazo la kumpa mtumwa wa zamani meno ya kunyonya, kisha kumfanya akatae kuwa kama waliomnyonya, ni la mwandishi mwenye akili na moyo mpana.

Majuto nayo yana daraja zake. La chini kabisa ni la kusema. Kati ya Wakipsigis fidia ya uuaji ililipwa kwa mifugo, na ukoo mzima uliguswa. Kulia kwa muuaji hakukumjazia mfiwa zizi. Basi tazama kama majuto ya shujaa yanamfikia mtu mwingine kwa umbo lolote. Katika tamthilia ya The Vampire Diaries, iliyoonyeshwa kuanzia 2009 hadi 2017, mnyonya damu Stefan ana ukuta uliofichwa Chicago ambapo aliandika majina ya watu aliowaua. Picha hiyo ni nzuri mno, na ilistahili kuongoza hadithi yote: anayewajua kwa majina, na bado aliwaua. Lakini tamthilia hiyo hiyo iliwapa wanyonya damu wake uwezo wa kuuzima utu wao na kuuwasha tena wapendapo, nao waandishi wakautumia kila walipotaka shujaa afanye unyama leo na apendwe kesho. Ukiona kifaa cha aina hiyo katika hadithi yoyote, iwe laana, dawa au usahaulifu, punguza alama bila huruma.

Sasa tuje nyumbani, maana najua wapo vijana kwenye miinuko hii wanaotaka kumwandika mnyonya damu wao kwa Kiswahili. Kina tunacho. Kitabu cha A. C. Hollis juu ya Wanandi, cha mwaka 1909, kinamweleza Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Watoto wa Kikalenjin walitishwa naye vizazi kwa vizazi. Kiumbe anayewaka gizani ana mvuto ndani yake, na mwandishi wa mapenzi angeweza kuanzia hapo. Pwani walikuwa na mumiani. Katika Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni watu waliwaogopa wazimamoto, wakiamini kwamba wanakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000. Mnyonya damu wa aina hiyo hana jumba la kifalme. Ana mshahara, sare na gari la serikali. Fikiria riwaya ya mapenzi ambamo mpenzi ni mmoja wa walioajiriwa kwenye gari hilo, mtu wa kijiji, mwenye mama wa kumtumia pesa. Huyo angekuwa na utata kuliko wafalme wote wa Transylvania. Filamu za Bongo zilishaonja upande wa majini na mapenzi, Shumileta ya Mussa Banzi ikiwa mojawapo, na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, ya 2001, alionyesha jinsi mfu anavyoweza kurudi kumdai hesabu mjukuu aliyepotoka. Njia ipo.

Ila ukimweka shujaa asiyekufa kwenye ardhi hii, msomaji ana haki ya kumuuliza alikuwa wapi. Umri mrefu ni ushahidi. Kama ameishi miaka mia na hamsini kati ya Sotik na Kericho, alikuwako mwaka 1905 Waingereza walipowaua watu wa Sotik. Alikuwako ardhi ilipopimwa na kupandwa chai, alikuwako mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai walipohamishwa kwa sheria hadi Gwassi, kwenye mbung'o na malaria, wakakaa huko karibu miaka thelathini. Alikuwako mwishoni mwa 2007 nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi. Alijificha? Aliuza habari? Alikunywa upande gani? Mwandishi anayempa miaka mia na hamsini kisha akaitumia kumfundisha kupiga piano tu ametupa dhahabu yake mwenyewe. Nina ombi moja hapa, nalo nalisema kwa uzito wote: msiwageuze Watalai kuwa majini wa riwaya. Orgoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo huo, alihitajiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja, na najua jambo hilo linamshawishi mwandishi. Lakini serikali ya kikoloni ndiyo iliyowaita wachawi hatari ili iwaondoe, na wajukuu wao wangali wanabeba jina hilo baya. Mtungieni mnyonya damu ukoo wa kubuni.

Kilichobaki ni mwisho wa hadithi, mahali ambapo wengi huanguka. Njia rahisi ni kumgeuza msichana naye awe asiyekufa, wapenzi wakaishi milele. Bella wa Meyer anageuzwa katika Breaking Dawn ya 2008 na hapotezi karibu chochote: mtoto anaye, baba anaye, uzuri umeongezeka. Mizani yote iliyojengwa katika vitabu vitatu inavunjwa kwa zawadi. Kwa Wakipsigis mwisho huo ungekuwa msiba. Mtoto akizaliwa, majina ya waliotangulia huitwa moja baada ya jingine mpaka apige chafya, na hapo hujulikana ni nani katika oiik, roho za wazee, aliyerudi kwake. Asiyekufa hawezi kurudi. Jina lake haliitwi juu ya mtoto yeyote, na ukoo unabaki na pengo lisilozibika. Msichana wa Kiptere anayeombwa na mpenzi wake aache kufa anaombwa awaache wajukuu wasiozaliwa bila yeye. Mwandishi atakayeuweka uamuzi huo mbele yetu, akamfanya mpenzi huyo kuwa mzuri kiasi kwamba tunatamani msichana akubali, huku tukiisikia nyumba iliyojaa wanawake ikiita majina ambayo lake halitakuwamo, atakuwa ameipita kazi yote niliyoitaja hapa.

Anayetaka kuanza kuusoma utanzu huu aanze na Gomez, ili ajue kwanza uungwana wa mnyonya damu unaweza kufika wapi. Afuatishe Butler akiwa na nafasi ya kutafakari. Rice amsome kwa ajili ya Claudia, na kila Louis anapolia awatafute wanaolima nje. Meyer aje mwisho. Atafurahisha, na ataonekana wazi alipopita mbio.